Nathani Hakwenda kwa Mwana-Kondoo



Lile igizo wengi wetu tumeshaliona. Tumeliona Sikukuu ya Vijana, tumeliona kwenye mikutano ya injili, na kila tarehe 1 Desemba, Siku ya UKIMWI Duniani, tunaliona tena. Msichana anatoka kijijini kwenda chuo kikuu. Mama yake anamfunga kanga na kumkabidhi Biblia. Akifika mjini anavaa nguo fupi, anapata marafiki wabaya, Biblia inasahaulika chini ya kitanda. Anatokea kijana mwenye miwani ya jua. Muziki wa disko. Halafu msichana anakohoa. Anakohoa mara tatu, maana jukwaani mwenye UKIMWI lazima akohoe mara tatu, kisha anarudishwa nyumbani amefunikwa shuka, anatubu, anakufa, na kwaya inaingia na wimbo wa maziko. Akina mama wanalia. Sadaka siku hiyo huwa nzuri.

Sisi wachungaji tumelibariki igizo hilo mwaka baada ya mwaka. Leo tunasema wazi kwamba igizo hilo ni uongo, na kwamba sisi ndio tuliowafundisha vijana wetu kuusema mbele ya madhabahu.

Mtu asituelewe vibaya. Hatuna ugomvi na maigizo. Nabii Nathani alipotumwa kwa mfalme Daudi, kama tusomavyo katika 2 Samweli 12, hakuchukua hotuba. Alichukua kisa cha tajiri mwenye mifugo tele na maskini mwenye mwana-kondoo mmoja, akakisimulia vizuri mpaka mfalme akawaka hasira na kutoa hukumu, kabla hajatambua kwamba amejihukumu mwenyewe. Hilo ni igizo la mtu mmoja. Ila tuangalie alilipeleka kwa nani. Nathani hakwenda zizini kumwonya mwana-kondoo ajihadhari na matajiri, asipite jioni karibu na nyumba ya jirani, avae manyoya ya heshima. Alikwenda kwa mwenye kisu. Maigizo yetu ya UKIMWI karibu yote yanahubiriwa kwa mwana-kondoo.

Hapa Sengerema tuna sababu ya pekee ya kulijua jambo hili, kwa kuwa lilipimwa kwetu. Mwaka 1998 Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu tawi la Mwanza, pamoja na AMREF na wataalamu kutoka London, walianza mradi ulioitwa MEMA kwa Vijana katika jamii 20 za vijijini za Sengerema, Geita, Misungwi na Kwimba. Jamii kumi zilipata mafundisho na kumi zikaachwa kwa ajili ya kulinganisha. Walimu wa shule za msingi walifundishwa namna ya kusema na watoto juu ya afya ya uzazi, wahudumu wa zahanati walifundishwa kuwapokea vijana bila kuwafokea, na wanafunzi waelimishaji rika waliigiza michezo mifupi darasani ili kufungua somo. Baadhi ya wanaosoma makala haya walikaa kwenye madawati hayo. Vijana zaidi ya 9,000 walifuatiliwa, wakapimwa damu.

Matokeo yake yanapaswa kusomwa katika kila baraza la wazee. Waliofundishwa walijua zaidi kuliko wenzao: virusi vinaambukizwaje, haviambukizwi vipi, mtu ajikinge namna gani. Walijibu vizuri. Lakini damu yao haikuonyesha tofauti ya maana ya maambukizi. Watafiti wakarudi tena mwaka 2007 na 2008, wakapima vijana zaidi ya 13,000. Bado maarifa yalikuwepo, na bado maambukizi yalikuwa yale yale.

Wapo waliosikia habari hiyo wakasema: mnaona, kuwafundisha vijana ni kazi bure. Sisi tunaisoma vingine. Mwana-kondoo alifundishwa vizuri sana. Aliyebaki bila kufundishwa ni mwenye kisu. Yule binti wa darasa la saba alitoka shuleni na majibu sahihi, akakutana njiani na mtu mzima mwenye baiskeli, au mwenye mtumbwi, au mwenye duka, na mtu huyo hakuwahi kukaa darasani wala kuonekana katika mchezo wowote. Naye binti nyumbani hana sabuni. Maarifa hayanunui sabuni.

Binti huyo sasa amefika chuo kikuu, au mdogo wake amefika. Sabuni imekuwa kodi ya geto. Fedha za mkopo, wanazoziita bumu, zimechelewa. Mwenye nyumba hachelewi. Mtu mwenye baiskeli sasa ana gari, na vijana wanamwita sponsa. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, hatuwezi hata kusema kwamba watoto wetu wanaosoma Mwanza wako mbali ng'ambo ya maji. Wanakuja Jumamosi, wanaimba kwaya Jumapili, jioni wanarudi. Yanayowapata huko yanakuja nao kwenye viti vya kanisa, kama hayakutoka humo humo.

Tueleze jambo ambalo sisi wenyewe tulilifanya, maana si haki kuwasema wengine tu.

Katika usharika mmoja ambao tuliuhudumia, wanafunzi wa vyuo mbalimbali walikuja likizo na igizo walilolitunga wao. Halikuwa na disko wala miwani ya jua. Lilikuwa na binti mmoja, simu, na mwanamume mwenye sauti ya upole anayemwita "mwanangu". Mwanamume huyo analipa kodi ya chumba. Onyesho linalofuata ni Jumapili, na mwanamume yule yule anapita katikati ya viti akiwa ameshika kikapu cha sadaka. Binti anatia shilingi mia tano, wanatazamana. Basi. Hakuna neno lililosemwa. Tulipoliona kwenye mazoezi mikono ilitusisimka.

Baraza la wazee likaomba kuliona kabla ya Jumapili. Palikuwa na ukimya mrefu, kisha mzee mmoja akasema litawakwaza wageni. Mwingine akasema halina fundisho, maana hakuna anayekufa. Tukajadiliana saa nzima, na mwisho sisi, mchungaji, ndio tuliochukua kalamu. Mzee wa kanisa akageuzwa kuwa mfanyabiashara wa mapanki asiye na dini, kikapu kikaondolewa, na binti akapewa kikohozi. Jumapili watu walicheka sana kumwona yule mfanyabiashara. (Washarika wetu wanaouza samaki walivumilia, tunawashukuru.) Kijana aliyeongoza igizo alitusalimu mlangoni kwa adabu yote, akasema, "Baba Mchungaji, angalau sasa tumejua nani haruhusiwi kuigizwa."

Jumatano alikuja ofisini mwingine, mmoja wa waimbaji. Ametupa ruhusa kusimulia, nasi hatutataja mwaka wake wala chuo chake. Alizaliwa na virusi, katika miaka ambayo huduma ya kumkinga mtoto tumboni ilikuwa haijafika kwenye zahanati nyingi za huku kwetu. Mama yake alikufa, bibi akamlea, akaanza dawa akiwa mdogo, hajawahi kuziacha. Vijana wa namna yake, waliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ndio sasa wanaojaza madarasa ya vyuo vikuu. Wapo wengi kuliko tunavyodhani, maana hawana alama usoni. Katika lile igizo lililorekebishwa alipewa kazi ya kubeba machela. Alikaa, akanyamaza, kisha akauliza: "Baba Mchungaji, mimi kwenye hiyo disko nilikwenda lini?"

Hatukuwa na jibu, na mpaka leo hatuna. Wanafunzi wa Yesu katika Yohana 9 nao waliuliza nani aliyetenda dhambi, yule kipofu au wazazi wake, na Bwana akaukataa mfano mzima wa swali lao. Sisi tumelichukua swali alilolikataa, tukalifanya tamthilia, tukalipa na kwaya.

Tena igizo hilo linasema uongo wa kitabibu. Dawa za kufubaza virusi zinatolewa bure nchini tangu 2004. Tangu 2016 anayegundulika ana virusi anaanzishiwa dawa bila kungoja mwili udhoofike. Anayezimeza kila siku, virusi vikafubaa hata kipimo kisivione, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana, na anaweza kuoa, kuzaa watoto wasio na virusi, na kuwaona wajukuu. Sheria ilirekebishwa mwaka 2019, na kijana wa miaka 15 anaweza kupima bila kuomba idhini ya mzazi. Yote hayo ni habari njema kwa maana ya kawaida kabisa ya maneno hayo. Lakini kila tunapomwua yule binti katika onyesho la tatu, tunamwambia aliyekaa nyuma karibu na nguzo kwamba asiende kupima, kwa kuwa mwisho wake ni jeneza. Na tusijione bora kuliko wale wanaohubiri kwamba maombi yanatosha, tupeni vidonge. Mwaka 2011 maelfu ya watu walipanga foleni ya magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kwa mchungaji mstaafu wa kanisa letu wenyewe, na wapo walioacha dawa. Walutheri hatuna mahali pa kunyooshea kidole.

Sasa tuwajibu wanaotupinga, nao ni watu tunaowaheshimu.

Wengine husema kanisa si mahali pa michezo. Ndugu hao wasome Ezekieli sura ya 4. Mungu alimwambia nabii achukue tofali, achore juu yake mji wa Yerusalemu, auzingire kwa vita vya kuigiza, kisha alale kwa ubavu siku 390 na tena siku 40, watu wakitazama. Hakuna kikundi cha sanaa katika mkoa wetu kilichowahi kufanya onyesho refu namna hiyo. Yeremia alivaa nira shingoni. Na Luther mwenyewe, katika Mazungumzo ya Mezani, aliulizwa kuhusu mwalimu aliyetaka wanafunzi wake waigize mchezo wa Terentio, watu wakimlaumu kwamba ndani yake mna mambo ya aibu. Luther akajibu, kwa ufupi, kwamba Mkristo akikimbia mchezo kwa sababu hiyo, basi aache na kusoma Biblia. Wanafunzi, mchezo, na mambo ya aibu: jambo hili tunalobishana Sengerema lilishabishaniwa Wittenberg.

Wengine husema tukiwaachia vijana waigize mambo hayo watataja kondomu kanisani. Ndiyo, watazitaja. Sisi tunafundisha kungoja ndoa na uaminifu ndani ya ndoa, hatuombi radhi kwa fundisho hilo, na hatutaliacha. Lakini hatutamdanganya mwanafunzi wa famasi kwamba kondomu zina matundu. Akitukamata katika uongo mmoja, kwa nini atuamini juu ya ufufuo?

Wapo wanaosema siku hizi vijana wana simu, wanajua kila kitu. Hao tumeshawajibu kwa matokeo ya vijijini kwetu. Na wapo wanaosema UKIMWI umekwisha. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta watu 4.4 katika kila mia, kuanzia miaka 15, wanaishi na virusi. Kwa wanawake 5.6, kwa wanaume 3.0. Wenye kusema umekwisha waeleze kwanza tofauti hiyo kati ya wanawake na wanaume inatoka wapi.

Kisha liko pingamizi ambalo kwa kawaida halisemwi kwa sauti: kwamba kumwonyesha mzee wa kanisa jukwaani ni kulivua kanisa nguo. Ndugu zangu, nguo zilishavuliwa. Watoto wetu wengi wamesoma sekondari tamthilia ya Orodha ya Steve Reynolds, ambamo binti Furaha anakufa na kuacha barua, na wanaume wa kijiji wanahangaika isisomwe wakidhani ina majina yao. Miongoni mwao yumo padre. Wamesoma pia Kilio Chetu, ambamo wazazi wanashindwa kuzungumza na watoto wao mpaka wanachelewa. Walijibu maswali ya mtihani juu ya vitabu hivyo. Tunapokata onyesho la kikapu hatuwafichi kitu; tunawathibitishia tu kwamba yule padre wa kwenye kitabu anaishi.

Ajabu ni kwamba nchi hii ilikwisha kujua namna bora ya kuigiza, na mahali pamojawapo ilipojifunza ni mkoani kwetu. Mwaka 1982 na 1983 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda Malya, wilayani Kwimba. Hawakubeba mchezo ulioandikwa tayari. Walikaa na wanakijiji, wakauliza shida ni nini, na jambo lililojitokeza ni mimba za wanafunzi. Vijana wenyewe wakaunda ngoma na maigizo juu yake, na baada ya kuonyesha, kijiji kikakaa kujadili. Wakati huo VVU vilikuwa bado havijatambuliwa nchini. Wagonjwa watatu wa kwanza walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Njia ya kusema na vijana ilifika mkoani kabla ya habari za ugonjwa, tukaiacha ipite.

Redio haikuiacha. Tangu 1993 Twende na Wakati ilituletea Mkwaju, dereva wa lori, mume wa mtu, na nchi nzima ilimfuata kituo hadi kituo mpaka mwisho wake. Baadaye likaja tangazo la Fataki, mtu mzima mwenye fedha anayenyemelea wasichana, na kila mara jirani au mpita njia anamharibia mpango. Lile neno liliingia katika lugha. Mabinti wakapata jina la kumwita mtu ambaye zamani waliambiwa wamwamkie tu. Michezo hiyo ilimweka mwenye kisu katikati ya jukwaa. Ilikuwa na mapungufu yake, na mingi ya namna hiyo ilitegemea fedha za wafadhili. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, tuliona jinsi shughuli zilivyosimama ghafla, fulana na posho pamoja nazo. Hatuzililii fulana. Wanafunzi wetu wale walitunga igizo lao bila posho, kwa madaftari yao, chini ya mwembe wa usharika.

Na sisi Wasukuma, na tunaoishi kati ya Wasukuma, tusijifanye wageni wa mambo haya. Wagika na Wagalu wanashindana kwa ngoma tangu enzi za mababu, na manju anayeogopa kumtaja mkubwa aliyekosea hapati watu. Mkulima anacheza bugobogobo jembe mkononi; wazazi wetu walifundishwa kulima, kuheshimu na kuaibika kwa ngoma. Wamisionari wetu wa kwanza, pamoja na mema yao yote, walizifukuza ngoma hizo nje ya uzio wa kanisa, na tukabaki na kwaya iliyosimama wima. Labda ndiyo sababu maigizo yetu nayo yanasimama wima.

Kwa hiyo tumepeleka mbele ya baraza la wazee pendekezo fupi kwa Desemba hii. Igizo litungwe na wanafunzi, na baraza lisilikate. Asiwepo anayekufa. Wazee wakae viti vya mbele, na likiisha tusifunge kwa sala mpaka kila mwenye swali ameuliza, hata kama nyama ya sherehe itapoa. Muuguzi wa kliniki ya tiba na matunzo awepo na vipimo, na awe mtu asiyesali kwetu, ili asiwe jirani wa mtu. Yule kijana mwimbaji ameombwa, wala hakulazimishwa, asaidie kuandika sehemu ya mtu anayemeza dawa zake saa mbili usiku na kurudi kwenye vitabu. Amekubali kuandika. Kuigiza amekataa.

Onyesho la kikapu limerudishwa. Mzee mmoja amesema atatoka nje litakapofika, tukamwomba basi achague kiti karibu na mlango ili asiwasumbue wenzake. Shida iliyobaki ilikuwa nani aigize nafasi ya mzee wa kanisa, maana vijana walitaka mtu mwenye mvi, siyo mwanafunzi aliyepakwa unga kichwani. Tulitangaza Jumapili mbili mfululizo. Hakujitokeza mtu. Basi nafasi hiyo tumeichukua sisi wenyewe, mchungaji, na tumeshafanya mazoezi mara nne. Vijana wanalalamika kwamba hatujui kuigiza, kwamba kile kikapu tunakishika kama mtu anayekiogopa.